Msikiti wa Nasir al-Mulk, Shiraz: vioo vya rangi, jua la asubuhi na kazi ya mafundi (uzi maalumu)

#1 Tofali_na_Chokaa

Wakuu, salaam.

Picha za ule ukumbi uliojaa rangi juu ya mazulia zimezunguka sana mitandaoni, ila maelezo yanayoambatana nazo mara nyingi ni mstari mmoja tu, na huo mmoja una makosa. Naanzisha uzi huu tuuelewe msikiti wenyewe: uko wapi, umejengwaje, na kwa nini mwanga ule unaonekana saa chache tu za siku. Wanaojua useremala, vigae na picha karibuni mwongeze nyama.

Msikiti uko Shiraz, mkoa wa Fars, kusini mwa Iran, katika mtaa mkongwe wa Gowd-e Araban, si mbali na kaburi takatifu la Shah Cheragh. Ulijengwa kati ya 1876 na 1888, zama za nasaba ya kifalme ya Qajar, Naser al-Din Shah akiwa mfalme. Aliyeugharamia ni Mirza Hasan Ali Khan mwenye cheo cha Nasir al-Mulk, wa ukoo wa Qavam uliokuwa na sauti kubwa Shiraz. Majina ya mafundi wawili yamehifadhiwa: Mohammad Hasan-e-Memar upande wa ujenzi, na Mohammad Reza Kashi-Saz-e-Shirazi, bingwa wa vigae. Mpaka leo uko chini ya wakfu wa Nasir al-Mulk, na ni msikiti kweli, si makumbusho tu.

Sasa ramani yake, maana hapa ndipo wengi hupotea. Katikati kuna ua wenye hodhi ndefu ya maji. Kaskazini na kusini kuna iwani, yaani kumbi za tao kubwa zilizo wazi upande wa ua. Iwani ya kusini ndiyo yenye minara miwili. Ya kaskazini ina lile tao mashuhuri linaloitwa Tao la Lulu. Mashariki na magharibi kuna kumbi mbili za kuswalia zilizofunikwa.

Vioo vya rangi viko ukumbi wa MAGHARIBI peke yake. Una nguzo 12 za mawe zilizochongwa msokoto, safu mbili za nguzo sita sita, na milango 7 ya mbao yenye vioo inayotazama ua. Ukumbi wa mashariki una nguzo 7 zisizo na nakshi na hauna vioo hivyo. Jirani na ukumbi huo kuna kisima ambacho maji yake yalivutwa juu kwa nguvu ya ng'ombe.

Ukumbi wa magharibi unatazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi ndilo linaloingia. Huo ulikuwa ukumbi wa majira ya baridi. Anayefika saa 9 alasiri atakuta vioo vinapendeza vikitazamwa kutoka ndani, lakini chini kwenye zulia hamna kitu.


#2 mwana_ughaibuni

Asante mleta uzi. Swali: hivi vioo vimechorwa rangi juu kama vile vya makanisa ya Ulaya? Na zile picha za kuta zinazometameta vipande vya kioo kila mahali ni humu humu?


#3 Randa_na_Patasi

Mkuu, yote mawili hapana.

Kuta zinazometa ni kazi ya vipande vya kioo cha kujitazamia vilivyobandikwa kwenye plasta. Hiyo utaiona Shah Cheragh, dakika chache kutoka hapa. Watu huchanganya picha za sehemu hizi mbili kwa kuwa zote ziko Shiraz.

Vioo vya Nasir al-Mulk ni vya rangi ya ndani. Rangi imo kwenye kioo chenyewe tangu kikiwa uji wa moto, haikupakwa juu. Kobalti hutoa buluu nzito, na shaba hutoa kijani au buluu ya bahari kutegemea mchanganyiko. Nyekundu ndiyo ngumu kuliko zote. Kioo chekundu cha jadi, kinachopata rangi kwa shaba, kikiwa chekundu unene wake wote huonekana karibu cheusi, ndiyo maana viwanda vingi vilikuwa vinaweka ngozi nyembamba ya kioo chekundu juu ya kioo kisicho na rangi. Ukikitazama kipande kwa ubavu utaona tabaka hizo mbili.

Tofauti na Ulaya ni kiunzi. Ulaya vipande hushikwa na fito za madini ya risasi, na mara nyingi huchorwa watu na visa. Iran vipande hushikwa na MBAO, na michoro ni ya jometri na maua, hakuna sura ya mtu. Kazi hii inaitwa orosi. Kwenye majumba ya Iran orosi kwa kawaida ni dirisha la kupandisha juu: kipande kinachonyanyuka huingia kwenye uwazi wa juu na kushikiliwa kwa ndoano. Hapa msikitini ni milango, na juu yake matao yaliyojazwa vioo.

Baadaye nitaweka hatua za kutengeneza.


#4 Dira_na_Kivuli

Naomba niongeze upande wa jua, kwa sababu ndio unaoamua utaona nini.

Shiraz iko nyuzi 29.6 kaskazini ya ikweta na takriban nyuzi 52.5 mashariki. Saa rasmi ya Iran (masaa matatu na nusu mbele ya saa ya dunia, UTC) imepimwa kwenye mstari huo huo wa nyuzi 52.5. Kwa hiyo saa ya ukutani Shiraz inakwenda karibu sawasawa na jua lenyewe, na jua la utosi hupita karibu na saa 6 mchana mwaka mzima, tofauti ni dakika kadhaa tu. Hilo linarahisisha hesabu.

Urefu wa jua kutoka upeo wa macho, saa za ukutani:

Desemba 21: saa 2 asubuhi nyuzi 12, saa 3 asubuhi nyuzi 22.
Novemba 1: saa 2 asubuhi nyuzi 20.
Juni 21: saa 2 asubuhi nyuzi 36, saa 3 asubuhi nyuzi 49.

Chukua kioo kilicho mita 3 juu ya sakafu, jua likiwa limekikabili moja kwa moja. Jua la nyuzi 22 litatupa rangi yake mita 7 na nusu ndani ya ukumbi. Jua la nyuzi 49 litaitupa mita 2 na nusu tu. Jua likija kwa mshazari, kina kinapungua zaidi. Ndiyo maana picha zile ambazo rangi zimefika mpaka kwenye nguzo za ndani na kupanda ukutani ni za vuli na baridi. Picha za Juni rangi zimejikusanya chini ya milango.

Kuna jambo la pili ambalo miongozo mingi hailitaji. Juni jua huchomoza Shiraz karibu saa 11 alfajiri, wakati geti limefungwa. Mgeni akiingia saa 2, jua limeshapanda masaa matatu. Desemba linachomoza karibu saa 1, hivyo saa ile ile ya kuingia inakutana na jua likiwa bado chini. Kioo ni kile kile, ila ratiba ya geti na ratiba ya jua zinapatana majira ya vuli na baridi tu.

Na angalizo: Iran iliacha kusogeza saa majira ya joto, 2022 ndio ulikuwa mwaka wa mwisho. Miongozo ya zamani inayosema "Mei nenda saa 3" ilikuwa ya saa iliyosogezwa mbele. Leo hiyo ni saa 2.


#5 LenziPana

#4 umemaliza kazi mkuu. Kwa wapiga picha: mvua za Shiraz hukaa zaidi Desemba hadi Machi, kwa hiyo katikati ya Oktoba hadi Novemba ndio wakati ninaoupendekeza. Jua limeshashuka na anga bado ni safi. Siku ya mawingu hamna rangi sakafuni hata ikiwa Januari, maana mwanga uliotawanyika hautupi umbo la kioo.

Yanayoharibu picha za ukumbi huu, kwa mpangilio wa yanavyotokea sana:

Kwanza mizani ya weupe (white balance). Kamera ikiachwa ijiamulie, inaona wekundu mwingi na kuupoza, picha inatoka kijivu. Funga kwenye mwanga wa jua, kati ya 5200 na 5500 kelvini, na upige faili ghafi (RAW).

Pili, nyekundu kuungua. Kipimo cha jumla cha mwanga kinaweza kusema picha iko sawa wakati chaneli nyekundu peke yake imeshafika ukingoni. Ikiungua, zulia lote linakuwa doa bapa lisilo na nyuzi. Washa kipimo cha chaneli tatu (nyekundu, kijani, buluu) na upunguze mwanga kwa hatua (stop) 1 hadi 1 na nusu. Giza la dari utalinyanyua baadaye, lakini nyekundu iliyoungua hairudi.

Tatu, watu hupiga wakitazama vioo tu. Simama karibu na milango, geuka, piga kuelekea ndani: nguzo za msokoto zilizopakwa rangi, vigae vya dari, zulia. Hapo vioo vyenyewe havimo kwenye fremu, na picha ina pumzi zaidi. Lenzi ya milimita 16 hadi 24 kwenye kihisi kikubwa inatosha. ISO 800 (wepesi wa kihisi) na f/5.6 (upana wa tundu la lenzi) ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mkono mtupu.

Ukiona watu wanaswali, shusha kamera. Wanawake wajifunike nywele, kama ilivyo sehemu zote za ibada huko.


#6 Bahari_na_Mwezi

Swali kwa Dira: mbona kwenye picha rangi za karibu na mlango zina kingo kali na zile za mbali zinavujiana? Ni ubora wa kioo?


#7 Dira_na_Kivuli

Hapana, ni jua lenyewe. Jua si nukta, lina upana wa takriban nusu nyuzi angani. Kila ukingo wa kivuli hupanuka kwa kadiri ya sehemu moja ya 107 ya umbali uliosafiri mwanga. Kwa mita 2 ukungu wa ukingo ni karibu sentimita 2. Kwa mita 8 ni karibu sentimita 7 na nusu.

Kipande cha kioo chenye upana wa sentimita 5 kitaonekana wazi umbo lake karibu na mlango, lakini mita 8 ndani kimeshameza rangi za majirani zake. Ndipo unapata rangi za mchanganyiko: nyekundu na kijani zikikutana unapata njano, nyekundu na buluu unapata zambarau ya waridi. Sehemu ya ule uwaridi wa kwenye mazulia ya mbali ni mchanganyiko huu, ukichangiwa na rangi ya zulia lenyewe.


#8 Randa_na_Patasi

Nimerudi na useremala.

Mbao zinazopendwa Iran kwa kazi hii ni za mti wa chenar (plane kwa Kiingereza) na za mjozi (walnut): nyuzi zake zimebana na hazipindi ovyo. Mbao lazima ikauke kabisa. Hewa ya Shiraz ni kavu, mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na mbao iliyofungwa ikiwa bado na unyevu itasinyaa na kuacha vioo vinacheza.

Mchoro huanza kwenye karatasi kwa kipimo halisi, si kwa skeli. Fundi anagawa duara kwa bikari, 8, 10 au 12, anapata nyota, na nyota zinazaa maumbo ya kujaza katikati. Kosa la nusu milimita kwenye nyota ya kwanza likijirudia mara 20 ni sentimita nzima, na fremu haifungi. Mafundi wazuri hupoteza muda mwingi hapa, na ni haki yao.

Kisha fito. Kila ufito hupigwa randa mpaka unene sawa, halafu hukatwa mfereji pande mbili za kukalia kioo. Kwa kioo cha milimita 3, mfereji wa milimita 4 kwa upana na 5 hadi 6 kwa kina unafaa. Miisho hukatwa kwa pembe ya mchoro na kutengenezewa ulimi na tundu, ili ufito mmoja umshike mwenzake bila msumari na bila gundi.

Kioo hukatwa kwa kiolezo, kikipungua milimita 1 hadi 1 na nusu kila upande ndani ya mfereji. Hapa ndipo kazi nyingi za kuiga zinapokufa. Fundi anataka kioo kikae tuli, anakibana. Msimu ukibadilika mbao inavimba au inasinyaa, kioo hakina pa kwenda, kinapasuka kuanzia pembe kali ya nyota. Kioo kwenye orosi kinatakiwa kiwe na nafasi ya kupumua. Kikitoa sauti ndogo mlango unapofungwa, kazi ni nzuri.

Kufunga kunaanza katikati kwenda nje: ufito, kioo, ufito, kioo, na fremu kubwa ndiyo ya mwisho. Fremu ndiyo inayobana kila kitu. Kwa sababu hiyo kioo kimoja cha katikati kikivunjika hukitoi peke yake. Unafungua fremu na kushusha vipande kwa mpangilio wa kinyume, kila kimoja kikiandikwa namba nyuma. Anayeona uvivu anachonga ukingo wa ufito na kupachika kioo kwa silikoni. Ukaguzi mdogo unamfichua: mfereji upande mmoja haupo tena.


#9 mwana_ughaibuni

Nimesoma kwamba rangi za orosi ziliwekwa kufukuza mbu. Kuna ukweli?


#10 Randa_na_Patasi

Hilo linasemwa sana, ila sijaona uthibitisho. Faida zinazoonekana kwa macho ni tatu, na zinatosha kabisa: vioo vinakata ukali wa jua bila kuzuia joto lake lote asubuhi ya baridi, vinamsitiri aliye ndani mchana, na kwa vile vipande ni vidogo, kikivunjika kimoja hasara ya kioo ni ndogo. Sidhani fundi alihitaji sababu ya nne.


#11 Tofali_na_Chokaa

Tusivimalize vioo tukavisahau vigae, maana jina la utani la "msikiti wa waridi" limetoka huko. Ua mzima na dari za iwani zimejaa mawaridi, na kuna pia mandhari za majengo ya mtindo wa Ulaya ndani ya fremu za maua. Ladha hiyo ni ya Qajar kabisa. Vigae vya Safavi, nasaba ya kifalme ya kabla, kule Isfahan vimetawaliwa na buluu.

Ufundi wake unaitwa haft-rang, yaani rangi saba. Kigae cha mraba huchomwa kwanza kikiwa kitupu, kisha hupakwa glezi nyeupe, ile ngozi ya kioo inayokifunika, na kuchomwa tena. Vigae vyote vya ukuta mmoja hupangwa chini kama vitakavyokaa. Mchoro wa karatasi umetobolewa tundu tundu kwa sindano, juu yake hupigwa kifuko cha vumbi la mkaa, nukta zinabaki kwenye vigae. Fundi anaziunganisha kwa mstari wa manganizi iliyochanganywa na mafuta. Mstari huo mweusi una kazi mbili: unachora, na unazuia rangi za majimaji zisivukiane. Kisha rangi zinajazwa kwa brashi na vigae vinachomwa mara ya mwisho.

Njia nyingine ya Kiirani ni kukata vipande vya vigae vya rangi moja moja na kuviunganisha. Hiyo ni ghali na ya polepole, ila kila rangi imechomwa kwa joto linaloifaa. Haft-rang zote zinachomwa pamoja, kwa hiyo joto ni la suluhu: rangi fulani inapata moto zaidi ya inaotaka, nyingine pungufu. Ile iliyopata pungufu inashika vibaya na kuanza kubambuka miaka ikienda. Ukiona kigae cha zama hizo rangi moja imetoka na jirani yake ingali inang'aa, mara nyingi sababu ni tanuri.

Angalieni pia dari ya Tao la Lulu, ile kazi ya vikombe vitano vilivyobonyea. Na ndani ya kuta za upande huo wajenzi walilaza mbao kati ya matofali ili jengo lipokee mtikisiko, kwa kuwa Shiraz ni nchi ya matetemeko. Tofali halinyumbuki, mbao inanyumbuka kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachozuia ufa usitembee ukuta mzima.

Nguzo za msokoto nazo zina nasaba: ukumbi wa Msikiti wa Vakil, mji huo huo, una nguzo 48 za namna hiyo, za karne moja kabla. Hapa wamezirudia kwa udogo, wakaongeza rangi.


#12 Msomi_wa_Unguja

Naomba nitoe tahadhari kwa ndugu zangu wa Pwani, kwa sababu kila Shiraz ikitajwa tunaruka Kilwa moja kwa moja. Mapokeo ya Washirazi wa Kilwa, na maandishi ya Msikiti wa Kizimkazi ya mwaka 500 Hijria (1107), ni ya zamani mno. Kizimkazi inautangulia msikiti huu kwa zaidi ya miaka 760. Usanifu wa Nasir al-Mulk haukufika Pwani na Washirazi wa kale, haukuwapo.

Wakitaka kulinganisha kwa haki watazame karne ya 19. Hamamni, Mji Mkongwe, ni hamamu ya mtindo wa Kiajemi iliyojengwa enzi ya Sultani Barghash, 1870 hadi 1888, karibu miaka ile ile msikiti huu ukijengwa. Na Kidichi, 1850, hamamu ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe Mwajemi, ina plasta iliyochongwa maua na ndege. Maua yale ni ya ladha ya Qajar, ndugu wa haya ya vigae.


#13 Bahari_na_Mwezi

#12 asante, nilikuwa naelekea kuuliza hilo hilo. La mwisho kwa Randa: mtu akiwa mbele ya orosi, Shiraz au popote, atajuaje kioo hiki ni cha zamani na hiki kimebadilishwa?


#14 Randa_na_Patasi

Tazama vitu vinne.

Mapovu na mawimbi. Kioo cha zamani kina mapovu madogo na uso usio sawa. Ukisogeza kichwa, kitu cha nje kinacheza. Kioo cha kiwandani cha sasa ni bapa kabisa.

Rangi sakafuni. Fuata doa la rangi kutoka kwa kila kipande. Kioo cha rangi ya ndani hutupa rangi tajiri yenye kutofautiana kidogo ndani yake. Kioo kisicho na rangi kilichobandikwa plastiki ya rangi hutupa rangi sare, na mara nyingi imepauka upande unaopigwa na jua sana, kwa sababu plastiki inaliwa na jua na madini ya rangi ndani ya kioo, kama kobalti na shaba, hayaliwi.

Ukingo. Penye nafasi ya kuona ubavu, tafuta zile tabaka mbili za nyekundu.

Mfereji. Ukiona mstari wa silikoni au putty unaong'aa kati ya ufito na kioo, kipande hicho kimepachikwa juu juu. Kama ufito umekikumbatia kioo pande zote na hakuna kilichopakwa, ama ni cha asili ama kilibadilishwa na mtu aliyekubali kufungua fremu nzima.

Usiguse wala kugonga kupima. Mbao za umri ule zimekauka, ndimi zake ni nyembamba kama njiti, na ulimi mmoja ukikatika vipande vinavyoutegemea vinaanza kushuka taratibu mpaka kimoja kinatoka kwenye mfereji.


#15 LenziPana

Nyongeza kwenye #14: kupima kwa kutazama sakafu fanyeni katika dakika 30 za kwanza baada ya geti kufunguliwa, na muanzie mlango wa mwisho ndani. Wageni wengi husimama mlango wa kwanza, vivuli vyao vinakata mwanga wa milango miwili ya mwanzo.